Mkono Unaokufa Ganzi Usiku: Ni Kazi au Ni Mawazo?

Swali: Daktari, mimi ni mwanamke wa miaka 36 na nimefungasha bidhaa kiwandani kwa miaka sita. Kazi yangu ni kukunja katoni, kupanga chupa ndani yake, kufunga na kuisukuma kwenye mkanda. Zamani katoni moja ilikuwa inakuja kila sekunde 15. Tangu mkanda uongezwe kasi ni kila sekunde 12. Sasa mkono wa kulia unakufa ganzi usiku, hasa kidole gumba na viwili vinavyofuata, hadi naamka na kuukung'uta. Bega na shingo vinawaka kuanzia katikati ya zamu. Silali vizuri, nakuwa mkali kwa watoto bila sababu, na moyo unaenda mbio nikisikia sauti ya msimamizi nyuma yangu. Zahanati waliniambia ni mawazo tu, nipumzike. Msimamizi anasema mbona wenzangu hawalalamiki. Namaliza zamu kwa kumeza dawa za maumivu. Je, ninaumwa mkono au ninaumwa mawazo? Na nifanye nini bila kupoteza kazi?

Jibu: Dada, kwa jinsi ulivyoeleza, unaumwa mkono kweli, na una msongo wa kazi kweli, na vyote viwili vinaelekea kutoka mahali pamoja: kasi ya kazi ambayo huna uwezo wa kuipunguza. Nasikitika kwamba ulipokwenda kutafuta msaada ulirudishwa bila mkono wako kuguswa, kwa sababu dalili ulizoeleza zinatosha kabisa kumfanya mhudumu wa afya akukalishe na kukupima. Nitaanza na mkono, kwani ndio unaoweza kupata madhara ya kudumu usiposhughulikiwa mapema.

Katika kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa midogo upande mmoja na utando mgumu upande mwingine. Ndani ya njia hiyo hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, yaani neva, unaopeleka hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Njia hiyo haitanuki. Kano zinaposuguana kwa maelfu ya mikunjo kila siku, tishu zinazozizunguka huvimba na kuwa nene, na kinachobanwa kwanza ni neva, kwa sababu ndiyo laini kuliko vyote vilivyomo. Usiku hali huwa mbaya zaidi kwa kuwa watu wengi hulala wakiwa wamekunja kifundo bila kujijua, na mkunjo huo huongeza shinikizo ndani ya njia. Kuukung'uta mkono na kupata nafuu, kama unavyofanya, ni mojawapo ya dalili zinazotufanya sisi madaktari tuushuku kwa haraka ugonjwa huu, unaoitwa kwa Kiingereza carpal tunnel syndrome.

Usiku ukiamka na ganzi, hebu chunguza kidole cha mwisho. Kikiwa kizima huku vile vitatu vimekufa ganzi, neva hiyo ndiyo inayoelekea kubanwa. Kikiwa nacho kimekufa ganzi, huenda neva nyingine inabanwa kwenye kiwiko, au tatizo linaanzia shingoni, na daktari anapaswa kulijua hilo. Unaweza pia kukunja vifundo vyote viwili, migongo ya mikono ikigusana na vidole vikielekea chini, ukakaa hivyo kwa dakika moja: ganzi ikija katika vidole vile vile, mweleze daktari. Jaribio hilo peke yake halithibitishi ugonjwa, na hospitali zenye vifaa hupima kasi ya umeme ndani ya neva ili kuwa na uhakika. Omba pia upimwe sukari ya damu na tezi ya shingo, na useme kama una ujauzito, kwa sababu hali hizo zinaweza kuleta ganzi kama hiyo au kuizidisha. Hata ukikutwa na mojawapo, bado kasi ya kazi itabaki kuwa sehemu ya maelezo.

Sasa tuitazame hiyo kasi kwa karibu, kwani naona ndiyo kiini cha swali lako. Kutoka sekunde 15 hadi sekunde 12 ni tofauti ya sekunde tatu, na nina hakika aliyeiamua aliiona ndogo. Lakini katoni moja kila sekunde 15 ni katoni 240 kwa saa, na moja kila sekunde 12 ni katoni 300. Ukifanya kazi saa saba baada ya kuondoa mapumziko, umetoka katoni 1,680 hadi 2,100 kwa zamu. Kama kila katoni inadai kifundo kikunjwe au kizungushwe mara nne tu, mkono wako unafanya hivyo mara 8,400 kwa siku.

Hesabu ya pili ndiyo nzito zaidi. Tuseme mikono yako inahitaji sekunde 11 kumaliza katoni moja. Zamani ulikuwa unabakiwa na sekunde nne kabla ya nyingine kufika: sekunde nne za kushusha mabega, kulegeza vidole, kuvuta pumzi. Mara 240 kwa saa, hizo ni dakika 16 za mapumziko ambazo hakuna aliyeziandika kwenye ratiba yoyote. Sasa unabakiwa na sekunde moja, mara 300, ambayo ni dakika tano tu. Kwa hiyo kazi imeongezeka kwa robo, lakini pumziko la misuli limepungua kwa zaidi ya theluthi mbili, na ndilo lililokuwa likiukinga mkono wako kwa miaka yote iliyopita. Unaweza kuupima mstari wako kwa saa ya simu wakati wa mapumziko, ukimtazama mwenzako wa zamu nyingine. Huenda namba zako zikawa tofauti na zangu, lakini mwelekeo utauona mwenyewe.

Katika taaluma yetu, kazi ambayo mzunguko wake mmoja ni chini ya sekunde 30 imekuwa ikihesabiwa kuwa ya kurudiarudia kwa kiwango cha juu, kipimo kilichotokana na tafiti za Barbara Silverstein na wenzake nchini Marekani katika miaka ya 1980. Wewe uko kwenye sekunde 12. Mwaka 1997 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipitia tafiti nyingi za maumivu ya mikono na migongo kwa wafanyakazi, ikahitimisha kwamba ushahidi una nguvu zaidi pale mambo haya yanapoungana: kurudia mwendo ule ule, kutumia nguvu, na kukaa katika mkao mbaya. Kukunja katoni ngumu, kwenye meza ambayo urefu wake ulipangwa bila kukupima wewe, kila sekunde 12, ni kuyakusanya yote matatu mahali pamoja.

Bega lako lina habari yake, na hapo ndipo mawazo yanapoingia kwa njia ambayo inaweza kupimwa. Misuli ya juu ya bega ina nyuzi nyingi, na hazifanyi kazi zote kwa pamoja: zile ndogo huitwa kwanza na kuruhusiwa mwisho. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alitoa nadharia kwamba nyuzi hizo ndogo ndizo zinazoumia katika kazi nyepesi za muda mrefu, kwa sababu zinabaki zimekaza hata pale ambapo nguvu inayotumika ni kidogo sana. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, Ulf Lundberg, pamoja na wengine, walipima umeme wa misuli ya bega kwa watu waliopewa majaribio ya kubana akili, kama hesabu za haraka, wakaona misuli ikikaza ingawa hakukuwa na chochote cha kuinua. Watu hao walipopewa mzigo wa mwili na wa akili kwa wakati mmoja, bega lilikaza zaidi.

Kwa hiyo msimamizi anaposimama nyuma yako na moyo ukaanza kwenda mbio, bega lako linapanda na kukaza papo hapo, na vidole vinaishika katoni kwa nguvu kubwa kuliko inayohitajika. Unaacha kwenda msalani kwa kuogopa katoni zisirundikane. Zamu inapokwisha, mwili unabaki na homoni za tahadhari kwa saa kadhaa, misuli haipati ruhusa ya kulegea, na usingizi, ambao ndio wakati mkubwa wa mwili kujikarabati, unakatwa na ganzi ya mkono. Asubuhi unaanza zamu nyingine kabla ya ile ya jana kutoka mwilini. Hiyo ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba uchague kati ya mkono na mawazo.

Kwamba kazi yako inaleta msongo hakutokani na udhaifu wa tabia yako. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba wanaoathirika zaidi ni wale wanaodaiwa mengi huku wakiwa na uhuru mdogo wa kuamua waifanye vipi kazi hiyo. Meneja anaweza kuwa na shughuli nyingi kukushinda, lakini anaamua mwenyewe lini asimame na lipi lianze. Wewe unaamuliwa na mkanda. Johannes Siegrist naye, mwaka 1996, aliongeza jambo ambalo wafanyakazi wa viwandani hulielewa bila kufundishwa: jitihada kubwa isiyolipwa kwa ujira, heshima wala uhakika wa ajira inaumiza afya, ukiwamo moyo. Mkanda wako uliongezwa kasi. Sijui kama malipo yako yaliongezwa, lakini swali hilo nalo ni la kiafya.

Kuhusu kauli kwamba wenzako hawalalamiki, usiipe uzito inaouomba. Katika kazi za namna hii, walioumia sana mara nyingi wameshaondoka, kwa hiyo wanaobaki kwenye mstari ni wale waliohimili pamoja na wale wanaoficha. Kwa watu wanaolipwa kwa kipande, au wenye mikataba ya muda mfupi, kusema "naumwa" kuna gharama, na ukimya wao hauwezi kuhesabiwa kama ushahidi wa afya. Zaidi ya hapo, meza moja haiwezi kumfaa mrefu na mfupi kwa usawa. Anayelazimika kuinua viwiko siku nzima atachoka bega kabla ya jirani yake, hata kama wote wawili wana bidii ile ile. Lawama hii ina historia ndefu. Nchini Australia, katikati ya miaka ya 1980, maelfu ya wafanyakazi wa ofisini na viwandani walipodai kwamba mikono yao imeumizwa na kazi, wengi walishukiwa kuwa wanajifanya. Wakati huo ilikuwa imepita zaidi ya karne mbili na nusu tangu daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini, mwaka 1713, aandike kuhusu makarani akataja mambo matatu yanayowaletea maradhi: kukaa bila kubadilisha mkao, mkono unaorudia mwendo ule ule bila kukoma, na akili inayobanwa muda wote isikosee. Aliyaweka pamoja, na hajakanushwa.

Dawa za maumivu zinanipa wasiwasi. Ibuprofeni, diklofenaki na nyingine za kundi hilo hutuliza kwa siku chache, lakini kuzimeza kila zamu kunaweza kuleta vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Tena zinaficha maumivu, ambayo ndiyo yangekuambia usimame, na hivyo unaendelea kuiumiza sehemu ambayo tayari imeumia. Mweleze daktari ni dawa gani, ngapi kwa siku na kwa muda gani, bila kuona aibu.

Tiba ya kwanza kwa mkono wako, ugonjwa ukithibitishwa, huwa ni gango la kuvaa usiku, linalokiweka kifundo kikiwa kimenyooka bila kukunjika mbele wala nyuma. Livae kila usiku kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua kama linasaidia. Wengi hupata nafuu ya usingizi mapema. Usilivae ukiwa unafungasha isipokuwa umeelekezwa, kwa sababu mkono uliofungwa unaolazimishwa kwenda kasi ile ile huhamishia mzigo kwenye kiwiko na bega. Lisipotosha, kuna sindano ya steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, inayochomwa kwenye kifundo, na kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule utando mgumu ili neva ipate nafasi. Usichelewe kwenda hospitali ganzi ikianza kukaa mchana kutwa, ukianza kuangusha vitu, au ukiona nyama iliyo chini ya kidole gumba imeanza kupungua. Hizo ni ishara kwamba neva inaharibika, na neva iliyobanwa kwa muda mrefu hairudi yote. Kwa bega na shingo, mtaalamu wa fiziotherapia atakufundisha mazoezi ya kuongeza nguvu taratibu, ambayo kwa kawaida yana faida kubwa kuliko kukandwa peke yake.

Ila tiba yoyote itakayokurudisha kwenye mstari ule ule bila mabadiliko itakuwa inachota maji kwa pakacha. Mabadiliko yenye maana yanaanzia kwenye kasi, au walau kwenye kurudisha pumziko lililopotea. Watafiti wa NIOSH walichapisha mwaka 2000 utafiti kwa watu wanaoingiza taarifa kwenye kompyuta: waliongezewa mapumziko ya dakika tano katika kila saa ambayo haikuwa na mapumziko, maumivu yakapungua, na kazi iliyokamilika kwa siku haikupungua. Kazi yao si kufungasha, lakini mikono yao hurudia kama yako, na ni hoja ambayo mwajiri anayehesabu uzalishaji anaweza kuisikiliza.

Yapo na mambo madogo ambayo fundi wa kiwanda anaweza kuyafanya kwa siku moja. Kwa kazi nyepesi ya mikono, uso wa kazi unafaa uwe usawa wa kiwiko au chini yake kidogo, na mfupi apewe jukwaa la kusimamia. Chupa na katoni ziwe karibu kiasi cha kufikiwa bila kunyoosha mkono wote. Katoni inayokataa kukunjika iangaliwe chanzo chake, kwa maana mara nyingi ni ubora wa karatasi au mkato uliokosewa, na mikono ya wafungashaji ndiyo inayolipia kasoro hiyo. Kama mnavaa glavu, zikupime: glavu kubwa humfanya mtu abane zaidi ili kitu kisiteleze. Kuhusu kubadilishana vituo, mimi huunga mkono kwa sharti moja, kwamba kituo cha pili kitumie misuli mingine. Kutoka kufungasha kwenda kubandika lebo kwa vidole vile vile si kupumzika, hata kama kwenye karatasi kunaonekana ni kubadilishana.

Utasema vipi bila kupoteza kazi? Usiende peke yako ikiwa unaweza kuepuka. Kwa wiki mbili andika kila siku saa uliyoanza zamu, kasi ya mkanda, saa maumivu yalipoanza, kidole gani, na umelala saa ngapi. Waombe wenzako wawili au watatu unaowaamini wafanye hivyo pia. Kisha mpelekee mwakilishi wa wafanyakazi, chama, au kamati ya usalama na afya kama ipo, na barua ya daktari inayotaja kazi kuwa chanzo au kichochezi. Zungumzieni kituo badala ya mtu: kituo hiki, kwa kasi hii, kinaumiza mikono, na tunaomba haya mawili au matatu yajaribiwe kwa mwezi mmoja. Ombi lenye muda maalumu ni gumu kulikataa kuliko lalamiko, na linampa hata msimamizi wako, ambaye naye huenda anabanwa na malengo aliyoshushiwa kutoka juu, njia ya kukubali bila kuonekana ameshindwa.

Jua pia kwamba huombi hisani. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, iliyorekebishwa mwaka 2010, inautaja ugonjwa huu wa neva kubanwa kwenye kifundo pamoja na magonjwa ya kano yanayotokana na kurudia mwendo, na inataja vilevile matatizo ya akili yanayotokana na kazi. Mwaka 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi kazini. Mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, kwa hiyo glavu inayokutosha na jukwaa la kusimamia havipaswi kutoka mfukoni mwako. Namna ya kudai fidia hutofautiana kwa sheria za kila nchi, na mara nyingi kuna muda wa mwisho wa kutoa taarifa. Ndiyo maana barua ya daktari na daftari lako visisubiri.

Kwa upande wa usingizi na hasira, mkono ukipata nafuu usiku, sehemu ya hayo itapungua yenyewe. Jipe muda mfupi baada ya zamu kabla ya kuanza kazi za nyumbani, hata wa kutembea polepole huku mabega yameshushwa, na waeleze walio nyumbani kinachoendelea ili wasidhani unawachukia. Lakini kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, kama hakuna tena kinachokufurahisha, au ukianza kufikiri kwamba ni afadhali usingekuwepo, tafuta daktari au mshauri siku hiyo hiyo na umwambie kwa maneno hayo hayo.

Kuacha kazi ni uamuzi wako, na sitakushauri uufanye kwa sasa, kabla mkono haujapimwa na kabla kiwanda hakijapewa nafasi ya kurekebisha kituo chako. Anza na daktari wiki hii, ukiwa na jibu kuhusu kidole cha mwisho na orodha ya dawa unazomeza, na umwombe akuandikie kazi nyepesi ya muda wakati gango linajaribiwa. Ikiwa baada ya wiki sita ganzi haijapungua, rudi kwake uombe kipimo cha neva, hata kama bega limepona.